Njia ya Kondoo Chini ya Ufuta

Mwinjilisti Yesaya alinipa madhabahu kwa sababu ya mdomo wangu. Hilo naliweka wazi mapema, asije mtu akasema niliitwa na Mungu usingizini.

Ilikuwa hivi. Nilimaliza kidato cha sita mwaka jana, nikakaa Tunduma miezi saba nikizunguka kati ya mpakani na nyumbani kwa mama. Chuo sijaenda, kazi sina, kukaa siwezi. Mwisho mama akachoka. "Gwakisa, nenda kwa mjomba wako Momba, angalau ulime." Mjomba Boazi anaishi kijiji kimoja kabla hujafika Chitete. Analima mahindi na ufuta, na kanisani ni mzee wa kanisa. Akanipa ekari moja karibu na mto, akasema, "Panda ufuta. Ukivuna uza, nenda chuo chako, usinisumbue."

Nikapanda. Ufuta ukaota kama umetumwa. Kufika Aprili ulikuwa unanifika kifuani, na mimi natembea kijijini kama mtu mwenye kitambulisho cha chuo mfukoni.

Sasa kanisani. Mwinjilisti ni mtu mzuri, ila anasoma Zaburi kama anasoma majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza. Na mimi Zaburi nazipenda tangu nikiwa mdogo. Si kwa ulokole, sitaki kudanganya. Nazipenda kwa zile picha. Shuleni tulifundishwa shairi ni vina na mizani, ukikosea kina mwalimu anakata maksi. Zaburi hazina habari na vina. Mstari wa kwanza unarusha, wa pili unadaka. Jamaa anasema jambo, halafu analisema tena kwa sura nyingine, na wewe hapo katikati unaona kitu. Milima inaruka kama kondoo dume. Machozi ya mtu yamewekwa kwenye chupa, hebu fikiria, kuna mtu kakaa na chupa anakinga machozi yako yasipotee! Na wale walinzi wanaongoja asubuhi, mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa. Nimewaona matingo wamejifunika blanketi pembeni ya maroli kwenye foleni ya mpaka, wanalitafuta jua kwa macho kama abiria anayetafuta basi lililochelewa.

Basi siku moja, ibada imeisha, tumesimama nje, nikamwaga yote hayo mbele ya watu. Nikamalizia, "Baba Mwinjilisti, haya maneno ukiyasoma haraka hivyo unayaua."

Mwinjilisti akaniangalia, akatabasamu. "Jumapili ijayo ni ya vijana. Utatoa neno wewe. Usiyaue."

"Poa. Nitachukua ile ya mchungaji."

"Unaijua?"

"Ya ishirini na tatu? Baba, hiyo naijua kuliko namba yangu ya simu."

Alhamisi ya wiki hiyohiyo ng'ombe wa Baba Nesta wakaingia kwenye mahindi ya mjomba.

Baba Nesta jina lake Felix. Ni mfugaji, alihamia kijijini miaka minne iliyopita na ng'ombe wake, kondoo na familia, anakaa kambi ya juu upande wa vilima. Wanasali na sisi. Siku hiyo ng'ombe walikula kipande kizima cha upande wa mtoni, mahindi yameshaanza kubeba. Mjomba alirudi na bua moja limetafunwa, akalilaza mezani kama maiti, na chakula hakugusa. Haikuwa mara ya kwanza mifugo kuingia mashambani, na watu walishachoka. Ukaitishwa mkutano wa kijiji, siyo Jumatatu ya karibu, ile inayofuata. Ajenda moja: Baba Nesta abaki au ahame.

Yote hayo nilikuwepo. Bua nililiona. Mjomba nilimwona analala na njaa. Na bado Jumapili nikasimama na Zaburi ya mchungaji. Unajua kwa nini? Kwa sababu mchungaji wangu mimi alikuwa yule wa kwenye kalenda. Kanzu nyeupe, mwanakondoo shingoni, nyuma yake nyasi kama uwanja wa mpira. Haikunijia hata sekunde moja kwamba ana uhusiano wowote na Baba Nesta mwenye makubazi ya tairi na koti la mvua lililopasuka kwapani.

"Fumbeni macho," nikawaambia. Kanisa zima likafumba, na mimi nikafumba kwa utamu. "Jione wewe ni kondoo. Umeamka una njaa. Mchungaji wako anakuja, anakuongoza taratibu, mnafika. Majani mabichi! Mabichi, laini, yana umande! Unakula, unakula, mpaka unashindwa. Unajilaza hapohapo katikati ya majani, tumbo limejaa..."

"Majani ya nani?"

Sauti ilitoka upande wa akina mama. Bibi Rozi. Shamba lake limepakana na la mjomba.

"Samahani, bibi?"

"Nauliza, mjukuu wangu. Hayo majani mabichi aliyokula mpaka akalala. Ya nani? Maana kwangu walilala mwaka jana."

Kanisa likalipuka. Wengine walikuwa wanacheka, wengine hawakuwa wanacheka kabisa. Mtu wa nyuma akasema huyo mchungaji aletwe mkutanoni. Mwingine akajibu, aje na ile fimbo yake, tutamwonyesha matumizi. Nikafumbua macho. Mjomba Boazi, benchi la wazee, anatazama viatu vyake. Na benchi la mwisho karibu na mlango, Baba Nesta, mkewe na Nesta mwenyewe, binti yao, wamekaa wima kama wanapigwa picha za pasipoti.

"Ndugu zangu," nikajitetea, "hii ni lugha ya picha..."

"Picha tumeiona," Bibi Rozi akasema. "Imekula mahindi."

Mwinjilisti akaanzisha wimbo kwa nguvu zote.

Baada ya ibada akanishika bega. "Umeacha kondoo wa watu katikati ya shamba. Jumapili ijayo utamalizia."

"Baba, si bora umalizie wewe?"

"Mimi nayaua maneno. Wewe utamalizia. Na kesho yake ndiyo mkutano, watu wataenda kule na utakachosema masikioni. Umenielewa?"

Nilielewa. Kwa mara ya kwanza nilitamani kuwa na mdomo mdogo.

Jumatatu nikamkuta Nesta bombani anakinga maji. Nesta amemaliza kidato cha nne, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na ulimi wake ni wembe.

"Mhubiri! Kondoo wameshaamka?"

"Nesta, kwa jana naomba radhi."

"Ya nini? Hata waliokuwa wanasinzia waliamka. Hebu nikuulize kitu. Umewahi kushika kondoo?"

"Nimewahi kula."

"Kula siyo kushika. Kondoo anakunywa maji gani?"

"Maji... ya kawaida."

Alicheka mpaka akamwaga ndoo. "Ya kawaida! Jamani huyu kamaliza kidato cha sita! Njoo Jumatano uchunge na baba. Na uvae viatu vya kufunga, siyo hizo ndala zako za ng'ambo ya mpaka, za Nakonde."

Nikaenda. Nadhani nilienda nusu kwa ajili ya Zaburi na nusu kwa ajili ya Nesta, ila Nesta mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwenye palizi. Nikamkuta baba yake peke yake, anafungua zizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenilaza kwenye majani ya watu."

Sikujua kama anatania. Uso wake haukusema.

Tukaondoka na kondoo tu. Mkononi alikuwa na fimbo ndefu nyembamba, kiunoni rungu fupi. Nikamuuliza kwa nini vyote viwili. "Hii ya kondoo," akasema, akimgusa mmoja mgongoni, hata siyo kumpiga, kama unavyomgusa mtu akusogelee. "Akiisikia anajua nipo. Hili la fisi." Basi nikasimama njiani kama nimegongwa. Miaka yote nikisoma pale penye gongo na fimbo nilidhani ni kitu kimoja kimetajwa mara mbili, ule mchezo wa kurusha na kudaka. Kumbe ni vitu viwili. Kimoja kazi yake ni ndani ya kundi, kingine kazi yake ni nje. Na kondoo anavitazama vyote viwili, anapumua.

Tulipofika kwenye kijito, chembamba kisichotosha ng'ombe, kondoo wakasimama ukingoni. Jua kali, wana kiu, midomo wazi, lakini hanywi hata mmoja. Maji yanapita kwa kelele kwenye mawe. Baba Nesta akavua makubazi, akaingia, akaanza kupanga mawe, akaziba na udongo na majani. Nikaingia kumsaidia. Tulihangaika robo saa, maji yakatulia kwenye kidimbwi kama sinia. Kondoo wakashuka, wakanywa bila kusukumana.

"Wanaogopa yanayokwenda," akasema. "Sasa usiniulize maji ya utulivu yako wapi. Hapa kwetu hayapo. Unayatengeneza kila siku, kesho yamebomoka."

Mmoja alikuwa na kidonda kichwani, kajikwaruza kwenye miiba. Baba Nesta akatoa chupa ya soda yenye mafuta, akampaka, inzi wasitage. Nikasema kimoyomoyo, hee, mpaka mafuta! Huyu mzee hana habari, anatembea ndani ya Zaburi na makubazi ya tairi.

Halafu akaniambia, "Njoo nikuonyeshe kitu. Jumapili utasema unachotaka, ila ukione kwanza."

Akanipitisha kwenye njia pana iliyoshuka kutoka kambini kuelekea mto mkubwa. Pembeni kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, moja huku, moja kule, umbali wa hatua thelathini. Kijiji ndicho kilichoyaweka, akasema, mwaka aliofika. Njia ya mifugo. Mwanzoni tulitembea kwa nafasi. Kadiri tunavyoshuka, mashamba yakaanza kuingia, tuta moja huku, matuta mawili kule, mawe ya chokaa yakawa yamebaki katikati ya mahindi ya watu. Kondoo wakaanza kupita wawili wawili, baadaye mmoja mmoja. Halafu njia ikaisha kabisa. Mbele yetu kulikuwa na ukuta wa kijani, maua meupe yenye wekundu kidogo, nyuki wanafanya kazi. Ufuta mzuri kuliko wote kijijini.

"Hii..." nikasema.

"Ndiyo."

"Hii ni ekari yangu."

"Najua. Nimekuona ukipalilia. Unapalilia vizuri."

Kumbe ndiyo maana. Kwato na samadi za miaka yote ziko chini pale, na mimi miezi mitatu nawaambia watu nina mkono wa kulima.

"Sasa ng'ombe wanakwenda mtoni kwa wapi?"

"Wanazunguka kilima mpaka kule kivukoni. Nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Au wanapita ukingoni mwa mahindi ya mjomba wako. Ng'ombe akipita ukingoni mwa mahindi, unajua mwenyewe."

"Na Alhamisi?"

Akamrudisha kwa fimbo kondoo aliyeanza kuusogelea ufuta. "Alhamisi nilichoka kuzunguka."

Akageuza kundi, tukapanda.

Nilirudi nyumbani kichwa kimejaa, nikakaa na hilo jambo siku mbili bila kumwambia mtu. Sikuwa mjinga. Hesabu ilikuwa rahisi: ufuta ulibakiza wiki tano, labda sita. Nikinyamaza, Jumatatu Baba Nesta anaondoshwa, wiki sita baadaye navuna, mwezi wa kumi niko chuoni. Hakuna atakayeuliza. Nikisema, ekari yangu inaondoka, na hakuna nyingine. Naweza kutoa neno la kawaida kuhusu upendo, watu wakasema amina, wakaenda kupika. Tatizo nilikuwa nimeshaona kidimbwi. Ukishaona mtu anasimama majini anayatuliza kwa mikono, kuusoma ule mstari kijujuu unashindwa.

Ijumaa jioni mjomba alikuwa uani ananoa jembe, anti Sekela, mkewe, anachambua maharage.

"Mjomba, ile ekari yangu. Ilikuwa njia?"

Anti Sekela akaacha kuchambua.

"Ilikuwa njia," mjomba akasema. "Halafu ikawa shamba."

"Nani aliigeuza?"

"Trekta."

"Trekta liliamka lenyewe?"

"Gwakisa, usinihoji kama mgambo." Akaweka jembe chini. "Mwaka wa kwanza ng'ombe wake walipita ndani ya mawe. Mwaka wa pili wakaanza kupanua wenyewe, upande wangu. Nikasema sawa, kama njia inakuja shambani, na shamba litakwenda njiani. Na siko peke yangu. Rozi amelima nusu ya pale kwake. Wote wamelima. Kwa nini unanikazia macho mimi?"

"Wao wameipunguza, mjomba. Sisi tumeifunga."

Nilisema sisi. Nadhani ndiyo ilimuuma zaidi.

"Kwa hiyo Jumapili utasimama uyaseme hayo. Na ugali unakula kwangu."

"Ugali ni mtamu, mjomba, hilo sijakataa."

Anti Sekela alicheka, akajifanya anakohoa.

"Sikiliza," mjomba akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ukisema njia ifunguliwe, ekari ya kwanza kukatwa ni yako. Sitakupa nyingine kwa sababu sina nyingine. Na chuo je?"

Nikaokota maharage yaliyoanguka, nikamrudishia anti. "Chuo nitakifukuzia kwa njia nyingine," nikasema.

"Chuo hakikimbii taratibu."

"Hata mimi, mjomba."

Akachukua jembe, akaendelea kunoa, mazungumzo yakaishia hapo.

Jumapili kanisa lilijaa. Walikuja mpaka wasiosali na sisi, wengine wamesimama madirishani. Walikuja kwa mchezo, najua. Nikapanda mbele bila karatasi.

"Wiki iliyopita niliwaambia mfumbe macho," nikaanza. "Leo naomba mfumbue."

Nikawaeleza nilivyokwenda kuchunga. Fimbo na rungu. Kidimbwi. Mafuta kwenye chupa ya soda. Watu wakatulia, maana habari ya maji kila mkulima anaisikiliza.

"Aliyetunga ule wimbo alikuwa amechunga," nikasema. "Nina uhakika. Mtu asiyechunga angeishia kwenye nyasi na maji, akashiba, akanyamaza, kama nilivyofanya mimi hapa. Huyu baada ya nyasi na maji akaweka njia. Tena siyo njia tu, njia za haki. Mimi hapo huwa naparuka. Nakimbilia bondeni, kwenye kivuli cha mauti, kwa sababu huko ndiko kuna msisimko. Lakini wiki hii nimejiuliza, kondoo na haki wapi na wapi? Kondoo hajui mpaka. Akiona mahindi anaona nyasi ndefu. Anayejua mpaka ni mwenye fimbo. Njia ya haki ni ile inayomfikisha kondoo majini na kuyaacha mahindi ya jirani yamesimama. Na wimbo unasema anafanya hivyo kwa ajili ya jina lake. Kweli kabisa! Jina la mchungaji linaharibikia shambani kwa jirani. Bibi Rozi aliuliza majani ya nani, tukacheka. Aliyetunga hakucheka. Ninavyoona mimi, na yeye alishaulizwa."

Bibi Rozi akajiweka sawa kitenge. Kwenye benchi la mwisho Baba Nesta alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ila," nikasema, "mchungaji hawezi kukuongoza kwenye njia ambayo haipo."

Wale wa madirishani wakaingiza vichwa ndani.

"Nimeitafuta ya kwetu. Ipo. Ina mawe ya chokaa. Huku juu imelimwa pembeni, kila mtu anajijua. Huku chini imefungwa kabisa, na kilichoifunga ni ufuta wangu. Mnausifia kila siku. Umesimama juu ya njia."

Sikumtaja mjomba. Kwanza kila mtu alikuwa anajua ardhi ni ya nani. Pili, aliyepalilia ni mimi, na tangu Jumatano nilikuwa najua napalilia nini.

"Kwa hiyo utaukata?" mtu akauliza dirishani.

"Nitaukata."

"Lini?"

"Mkutano ukishaamua..."

"Usisingizie mkutano!" Bibi Rozi huyo.

"Jumanne asubuhi," nikasema. "Mkutano useme, usiseme."

Nikashuka. Hakuna aliyesema amina. Mwinjilisti akasimama kutangaza sadaka, na alitangaza taratibu, neno kwa neno.

Jumatatu mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti hajamaliza hata kusoma ajenda, Baba Nesta akanyoosha mkono. Watu wakajiandaa kwa utetezi.

"Ng'ombe Alhamisi ile hawakuponyoka," akasema. "Niliwapitisha mwenyewe. Nilijua watakula. Nilitaka kufupisha safari." Akakaa.

Kumhukumu mtu aliyejihukumu mwenyewe ni kazi. Watu walitazamana, waliokuja na maneno makali wakabaki nayo mdomoni. Halafu mjomba Boazi akasimama. Nikashika benchi.

"Njia niliifunga mimi," akasema. "Huyu kijana alipewa tu. Anapenda kujibebesha."

Baada ya hapo ndipo kelele zikaanza rasmi, na zilikwenda mpaka jua la utosi. Kuna waliotaka Baba Nesta aondoke hivyohivyo. Kuna aliyesema tuta lake moja halihesabiki kuwa ni kulima njia. Bibi Rozi akamuuliza kama tuta moja haliwezi kuhesabika, alilipanda la nini. Kilichoamuliwa ni hiki: njia inarudi, hatua thelathini, kutoka kambini hadi mtoni, kwa kila mtu. Baba Nesta anabaki. Siku mfugo wake ukikutwa nje ya mawe, anahama bila mkutano mwingine. Na msimu ujao atamlimia mjomba kipande kile kilicholiwa, kwa maksai wake mwenyewe. Walikuwepo walioondoka wananung'unika, na mmoja mpaka leo hanisalimii.

Jioni nikampigia mama Tunduma nikamwambia ufuta naukata. Nyuma yake nasikia maroli yanapiga honi. "Wewe nilikutuma kulima au kuhubiri?" akauliza. Nikamwambia vimetokea vyote. Akasema nikimaliza kuhubiri nimpelekee angalau mahindi ya kuchoma. Nilijua hajakasirika sana.

Jumanne nikaamka mapema na panga. Ufuta ulikuwa umelowa umande, vitumba vimeanza kujaa chini, juu bado maua. Ukiukata mbichi unatoa harufu nzito inakaa kwenye mikono. Nyuki wakanijia juu, na haki wanayo. Nikakata mstari wa kwanza haraka kabla moyo haujaanza kuniuliza maswali. Wa pili. Wa tatu. Nilikuwa nakata na kupiga mahesabu mapya kichwani: Tunduma kuna wakala wa forodha aliniambia nirudi nikitaka kazi ya kukimbiza makaratasi, na maombi ya chuo yapo mwaka ujao pia. Mtu wa miaka ishirini hakosi pa kupitia.

Nilipoinua kichwa, upande wa pili wa ekari, mtoni, mabua yalikuwa yanaanguka. Mjomba. Sikujua alifika saa ngapi. Nikapiga kelele, "Shikamoo, mjomba!" Akaendelea kukata, na mimi nikaendelea. Tulikata hivyo mpaka jua likapanda, kila mmoja upande wake, ukuta wa kijani unapungua katikati.

Alipofika nilipo, hakuniangalia mimi. Aliangalia chini, sehemu niliyokwisha kukata, akasukuma kisiki kimoja kwa kidole cha mguu.

"Unakata juu sana."

"Juu?"

"Visiki vya ufuta vikikauka ni misumari. Kondoo watapita wapi hapa? Vitawachoma kwato." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Rudia. Kata usawa wa ardhi."

Nikarudi mwanzo wa mstari, nikainama.